Karatasi za kulinganisha wagombea ugavana: zipi zinamfaa mfanyakazi?

Karatasi nyingi za kulinganisha wagombea ugavana zinazosambazwa Kenya msimu wa kampeni hukosea kwenye safu ya kwanza tu, ile ya mshahara. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na Waziri wa Leba, si gavana. Makato ya SHIF (bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 yanatokana na sheria za Bunge la Taifa. Mgombea akiwekewa tiki kwa kuahidi kuyapunguza, amepewa alama kwa kazi isiyo yake.

Karatasi nzuri huanzia Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti: hospitali za kaunti na zahanati, chekechea, masoko, maji, leseni za biashara. Hapo ndipo gavana humgusa mtu anayeishi kwa kipato cha siku.

Chukua safu ya masoko. "Atajenga soko" haitoshi. Mama mboga anataka kujua ushuru wa siku utakuwa shilingi ngapi, na kama gunia lililolipiwa cess (ushuru wa mazao) njiani litatozwa tena langoni. Viwango hivyo vimo kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopitishwa na Bunge la Kaunti baada ya wananchi kutoa maoni. Kwa hiyo anayeahidi kufuta ushuru aeleze pengo litazibwa na nini. Asipoeleza, kisanduku chake kiachwe wazi.

Kwa chekechea, swali ni moja: walimu, ambao mwajiri wao ni kaunti na si TSC (tume ya kitaifa ya kuajiri walimu), watakuwa wa kandarasi au wa kudumu wenye pensheni?

Gavana anayetetea kiti apimwe kwa rekodi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Linganisha kilichotengwa na kilichotumika, kisha tazama madeni ya wakandarasi. Safu hii hukosekana mara nyingi, nayo ni muhimu mno: mkandarasi mdogo asipolipwa, vibarua wake ndio hulala njaa kwanza.

Karatasi isiyo na jina la aliyeitayarisha, wala tarehe ambayo wagombea walijibu, usiisambaze kwenye WhatsApp.