Midoli inayodumu: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Pita Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya Idi, au Desemba yoyote, utayaona magari ya betri yakizunguka juu ya meza, taa zinawaka, ving'ora vinalia, na mtoto kamng'ang'ania mama yake khanga. Muuzaji anajua kazi yake: anawasha kile kinachomvuta mtoto kwa dakika tatu. Ila mdoli wa dakika tatu na mdoli wa miaka mitano ni vitu viwili. Huo wa pili mara nyingi hauna sauti wala taa, umekaa rafu ya chini, au hauuzwi dukani kabisa.

Mimi hupanga kwa swali moja: hapa nani anafanya kazi, mtoto au mdoli? Gari linalojiendesha limeshacheza lenyewe, mtoto kabaki mtazamaji. Kipande cha mti leo ni simu, kesho ni daladala la Mbagala, keshokutwa ni ukuta wa banda la mbuzi. Baada ya hapo naangalia mawili mengine: kikivunjika, kuna fundi wa kukitengeneza? Na kikipotea kipande kimoja, mchezo unaendelea? Bei sijaziweka kwa kuwa hubadilika kila kontena linaposhuka. Chukua bei utakayoambiwa, igawe kwa miaka unayodhani kitu kitachezewa. Utashangaa kipi ndicho cha bei rahisi.

Ya kwanza: vipande vya mbao vya kujengea

Hivi utavipata kwa fundi seremala. Nenda Keko kama uko Dar, au karakana yoyote ya samani iliyo jirani nawe, umwambie fundi unataka vipande vilivyokatwa kutoka kwenye mabaki. Mabaki kwake ni kuni. Unachomlipa hasa ni muda wa mashine na msasa.

Vipimo ndivyo vinavyoamua kama vitachezewa miaka kumi au wiki mbili. Mwalimu wa Marekani Caroline Pratt, mwanzoni mwa karne ya 20, alivipanga vipande vya shule yake huko New York kwa uwiano wa moja, mbili na nne, na uwiano huo unatumika mpaka leo. Kwa sentimita, kipande cha msingi kina unene wa 3.5, upana wa 7 na urefu wa 14. Maana yake, vipande viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine vinafikia kimo sawa na kimoja kilichosimamishwa kwa ubavu, na viwili vikiwekwa sambamba vinatoa mraba kamili. Daraja la mtoto halipindi. Mtoto wa miaka mitano hajui neno uwiano, lakini mikono yake inaujua.

Kwa hiyo usikubali fundi akate kwa jicho. Mwombe afunge kizuizi kwenye meza ya msumeno ili vyote vitoke urefu mmoja. Tofauti ya milimita mbili haionekani ukikishika kimoja mkononi, lakini mnara ukifika ghorofa ya sita unaanza kuinama, na mtoto anadhani kosa ni lake. Anza na vipande 40 hadi 60: vingi viwe vya msingi, kisha nusu zake (sentimita 7), virefu mara mbili (sentimita 28), na pembetatu chache za kuezekea.

Mbao ipi? Mtiki na mninga ni nzuri sana, nzito kiasi, na hazibonyei ovyo. Paina inafaa pia, itaingia alama tu. Ila kuna jambo moja la kuangalia kwa macho mawili: mbao za kupaulia zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya ukijani. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na mtoto wa mwaka mmoja kila kitu anakipeleka mdomoni. Fundi akikuletea mabaki ya ukijani kutoka kwenye paa la mtu, yakatae, hata akikupa bure.

Mwambie apige msasa namba 80, kisha 120, amalizie na 220, na kila kona aiue makali. Pitisha kiganja mwenyewe kabla ya kulipa. Rangi si ya lazima. Rangi ya mafuta ya mageti na madirisha isiguse kabisa vipande hivi, maana baadhi zina madini ya risasi.

Mtoto wa mwaka mmoja atakuwa anabomoa tu. Wa miaka miwili atavipanga mstari sakafuni. Wa minne anajenga gereji, na wa minane anajenga gereji ya kuegesha vile vigari ulivyomnunulia mwaka jana. Mmoja akivikua, mdogo wake anavirithi vikiwa bado vizima.

Ya pili: matofali ya plastiki ya kuunganisha

Hapa jina linalojulikana ni LEGO, la Denmark, na sifa yake haitokani na matangazo peke yake. Tofali lililotengenezwa mwaka 1958 linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Hakuna mdoli mwingine wa plastiki ninaoujua ambao unaweza kununua nyongeza yake baada ya miaka 60 ikaingia. Kwa wadogo kuna DUPLO, iliyoanza mwaka 1969. Tofali lake ni kubwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, na limepimwa ili lishikane na yale madogo, kwa hiyo mtoto akikua hutupi kitu. DUPLO inafaa kuanzia mwaka mmoja na nusu. Madogo yasubiri mpaka miaka minne.

Mapya ni ghali, tusidanganyane. Njia ya wengi ni mtumba. Kwenye marobota ya midoli yanayofunguliwa Karume, Dar, au Gikomba, Nairobi, hukosi mfuko wenye matofali yaliyochanganyika. Ya LEGO utayajua kwa jina lililochapwa juu ya kila kijinundu. Yasiyo na jina si lazima yawe mabaya, kwani haki za umiliki wa tofali lenyewe ziliisha zamani na viwanda vingine vinatengeneza kihalali. Lipime. Unganisha mawili, shika la juu, tikisa kwa nguvu. La chini likidondoka, rudisha. Lisipodondoka, mpe mtoto ayatenganishe mwenyewe. Akishindwa kabisa, mchezo utakuwa wa kumwita baba kila dakika. Angalia pia kingo kama zina nyufa.

Tahadhari ya mtumba: mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ulipima midoli ya plastiki iliyokwishatumika ukakuta baadhi ina risasi na kadmiamu, hasa ya rangi nyekundu, njano na nyeusi. Midoli ya plastiki iliyochakaa sana, iliyochujuka au inayomeguka, isiende kwa mtoto anayenyonya vitu. Iliyo salama ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, yasizidi nyuzi 40, uianike kivulini. Jua letu la mchana linachujua rangi na kuikausha plastiki.

Ukinunua boksi jipya, acha lile lenye picha ya chombo kimoja cha angani. Kinajengwa mara moja, kinawekwa juu ya kabati, mtoto anakatazwa kukigusa. Chukua boksi la matofali ya kawaida yenye rangi mchanganyiko, na bamba moja la kujengea juu yake. Na ndugu aliye Muscat au Ulaya akipiga simu kuuliza awaletee watoto nini, mtajie hili kabla hajanunua mwanasesere anayeongea Kijerumani.

Ya tatu: mpira

Mpira mmoja unachezesha mtaa mzima, kwa hiyo kwa hesabu ya watoto kwa shilingi hauna mpinzani. Nimeuweka wa tatu kwa sababu unachakaa. Saizi 3 ni ya chini ya miaka minane, saizi 4 ni ya minane mpaka kumi na mbili, saizi 5 ndiyo ya wakubwa. Wazazi wengi hununua saizi 5 ili "aukulie". Mtoto wa miaka sita anaupiga, mguu unamuuma, anaacha.

Uwanja wetu ni changarawe na kokoto, si nyasi. Mipira yenye vipande vilivyobandikwa kwa gundi hufunguka kwenye jua. Uliza ulioshonwa, na ujaribu kuingiza ukucha kwenye mshono. Ukiingia kirahisi, nyuzi hazikuvutwa. Ulioshonwa ukifumuka, fundi viatu anaurudisha kwa bei ya nauli. Wakati wa kujaza, lowesha sindano ya pampu kwanza. Ikiingia kavu ndiyo inayoua vali. Usijaze mpaka uwe jiwe kisha ukauacha juani, hewa ndani inapanuka.

Ndiyo, wa soksi na mifuko ya plastiki bado ndio mfalme wa chandimu, soka ya mtaani. Lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, malighafi yake haiokotwi kama zamani.

Ya nne: bao, na drafti pembeni yake

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni komwe: ngumu, zinateleza, za kijivu, na ukipoteza kumi unaokota au unanunua nyingine kumi. Ubao mzuri unawapita wanaoucheza. Mtoto wa miaka sita anaanza na bao la kujifunza, anahesabu kwa vidole. Akifika kumi na mbili anamfunga mjomba wake na hatasahau siku hiyo, wala mjomba.

Ubao uwe mzito, mashimo yawe na kina cha kutosha kete kumi zisimwagike. Bao nyingi zinazouzwa kwa watalii zimechongwa kwa ajili ya ukutani, mashimo yake ni kama visahani. Ugeuze uangalie kwa nyuma: ufa unaoanzia ukingoni utaendelea mpaka uligawe bao mara mbili. Na komwe ni ndogo, zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa hiyo zifungwe kwenye mfuko baada ya mchezo.

Drafti usinunue. Ubao chora, kete ni vifuniko vya soda, kumi na mbili chali na kumi na mbili kifudifudi.

Ya tano: baiskeli

Ingekuwa juu zaidi kama mtoto asingekua. Inchi 12, baada ya muda 16, baada ya muda 20. Kila moja ina miaka miwili, mitatu. Inayofaa ni ile ambayo fundi wa mtaani kwako ana tyubu, spoki na gololi zake. Kamuulize yeye kabla ya kwenda dukani. Matairi ya plastiki ngumu yanapendeza siku ya kwanza, kisha yanasagika na hakuna cha kubadilisha. Ya mtumba yenye fremu ya chuma isiyopinda mara nyingi inaishinda mpya ya bei hiyohiyo. Ukimaliza nayo, utaiuza.

Mwanasesere na gari

Mwanasesere wa kitambaa ndiye anayeishi. Macho yake yawe yametariziwa kwa uzi, kwa kuwa vifungo vinang'oka na kumezwa. Vuta nywele dukani, muuzaji akinuna mwache anune. Gari chagua tipa la kubebea mchanga lenye ekseli ya chuma, lililofungwa kwa skrubu. Lililobandikwa kwa gundi halifunguki, hivyo halitengenezeki. Bonyeza bodi kwa dole gumba: likibonyea na kulia kama chupa ya maji, liache.

Ya mwisho: chochote kinachoishi kwa betri

Watoto watakilia, na huenda ukakinunua hata hivyo. Basi nunua ukijua ni cha msimu. Cha muhimu zaidi ni usalama, hasa vile vinavyotumia betri bapa za mviringo, zile za saa na remoti ndogo. Ikikwama kwenye koo la mtoto, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Sehemu ya betri lazima ifungwe kwa skrubu. Kifuniko cha kusukuma kwa kidole hakifai. Visumaku vidogo vyenye nguvu navyo ni hatari: viwili vikimezwa kwa nyakati tofauti huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua kile kigogo cha karatasi ya chooni. Kitu kinachopita ndani yake kinaweza kumpalia. Kwenye boksi angalia kama kuna duara jekundu lenye uso wa mtoto na maandishi 0–3 yaliyokatwa mstari: maana yake kitu hicho si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Tafuta pia alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya. Herufi CE, alama ya viwango vya Ulaya, peke yake usizitegemee, mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuzichapa.

Ukihisi mtoto kameza betri, usisubiri aitoe chooni na usimtapishe: hospitali moja kwa moja, na wataje betri mlangoni ili apigwe eksirei mapema. Betri iliyokwisha bado ina nguvu ya kuunguza. Itoe kwenye mdoli siku hiyohiyo, izungushie selotepu pande zote mbili, uiweke mahali pasipofikiwa mpaka utakapoitupa.