Skana ya LPT kwenye kompyuta ya sasa: nunua hiki, kile waachie

Waya wenyewe upo mpaka leo kwenye droo ya jikoni, pamoja na funguo za makufuli yaliyopotea. Upande mmoja USB, upande wa pili tundu la pini 25, lile la LPT lililotumika kwa printa na skana za zamani. Niliununua Kariakoo kwa elfu thelathini na tano baada ya kubembeleza sana, na kijana wa duka akaniapia: "Dada, huu unashika kila kitu." Nikauchomeka kwenye skana ya Umax Astra 1220P, ya LPT, aliyoniachia marehemu mjomba. Kompyuta ikaniambia imepata printa. Skana, hata dalili.

Najua mtauliza kwa nini nisinunue mpya. Ni kwa sababu ya albamu za bibi. Picha zimegandishwa kwenye kurasa za kadibodi, na unyevu wa pwani umezikunja kama chapati iliyopoa. Skana nyembamba za sasa, zile za CIS (kihisi kinakaa karibu kabisa na kioo), zinataka picha ilale kabisa kwenye kioo. Ikiinuka kidogo tu inatoka na ukungu. Astra ni ya CCD, aina ya zamani, ina taa yake na lenzi, na kilichoinuka kidogo inakiona bado.

Sasa, kitu ambacho hakuna muuzaji anayekuambia. Watu wote tunaangalia umbo la tundu. Ulizia anwani, yaani namba ambayo kompyuta inalijulia tundu hilo. Kwenye kompyuta za zamani LPT1 kwa kawaida inakaa anwani 378, kwa hesabu ya heksadesimali, na draiva ya skana (programu inayoiendesha) inakwenda pale pale moja kwa moja kuchezea pini yenyewe. Waya wa USB hauna anwani hiyo. Ndani yake kuna chipu inayojitambulisha kama printa, inapokea data na kuisukuma mbele, basi. Draiva inabisha hodi 378, nyumba haipo. Hata ukipakua draiva kumi, utamaliza bando tu.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 755 au 780. Napendelea Dell, sifichi. Tundu la LPT limo kwenye ubao mama wenyewe, na ukibonyeza F2 wakati inawaka unaingia kwenye mipangilio, unachagua EPP au ECP (namna mbili za LPT kupitisha data) na kuiacha anwani kwenye 378. Kabla ya kulipa, geuza boksi ulione tundu kwa macho yako. Kisha badilisha betri ndogo ya CR2032 hata kama umeambiwa ni nzima. Yangu ilikuwa imekufa, na kila Tanesco wakikata, mipangilio ya LPT ilirudi ilikotoka, mimi nikilaumu skana ya watu. Wiki nzima!

Weka Linux. SANE, programu ya kuendesha skana kwenye Linux, inaitambua Astra 1220P kupitia draiva iitwayo umax_pp. Hakikisha jina hilo limo kwenye faili la dll.conf bila alama ya # mbele yake. Ukitaka Windows, iwe XP ya biti 32, na usiiunganishe na intaneti, maana Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Picha unazihamisha kwa flashi.

La pili ni kadi ya PCI Express, ya kuchomeka ndani ya boksi, yenye tundu la LPT, kwa mwenye kompyuta mpya ya mezani. Ni nzuri, ila anwani tena: kadi hupangiwa anwani na mashine, na mara nyingi si 378. Kwenye Linux unaandika /dev/parport0 ndani ya umax_pp.conf na kujaribu. Kwenye Windows 11 sahau, ile ipo ya biti 64 peke yake na haipakii draiva za biti 32. Boksi lako likiwa jembamba, dai kile kibati kifupi cha kadi, la sivyo kifuniko hakifungi.

La tatu, kama kazi yako ni vyeti na karatasi zilizonyooka, nunua Canon LiDE 300 uachane na haya yote. Umeme inachukua kwenye waya wa USB.

Waya wa USB kwenda LPT: wa printa tu.

Na kama skana yenyewe bado hujainunua, soma herufi ya mwisho. 1220P ni ya LPT, 1220U ni ya USB, 1220S ni ya SCSI, muunganisho mwingine wa zamani, na tundu la SCSI linaweza kuwa la pini 25 vilevile. Kuna mzee mmoja alitaka kuniuzia S, eti "ndugu mmoja hao". Ukiichomeka kwenye LPT unaweza kuunguza kitu.

Ule waya niliurudisha dukani kesho yake. Kijana akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu, bila hata haya, akaniuliza kama nyumbani hakuna printa ya zamani, maana waya huo ungeifaa sana.