Gari dogo la hadhi kwa paking finyu: lipi lishike nafasi ya kwanza?

Ukitafuta gari dogo la hadhi la kulaza kwenye paking ya ghorofa Upanga, Kisutu au Kariakoo, usianze na urefu. Magari yote tunayoyapanga hapa hayafiki mita 4.4, na nafasi ya paking kwa kawaida huchorwa mita 4.8 hadi 5. Kinachowatesa watu ni mambo matatu: mlango unafunguka kiasi gani ukishaegesha, gari linahitaji eneo gani kukata kona, na giaboksi inavumilia vipi kupanda mteremko wa paking kwa mwendo wa konokono kwenye joto la Dar. Hilo la tatu husahaulika, na ndilo linalokula pesa kuliko mengine, kwa hiyo limeamua sehemu kubwa ya mpangilio wetu.

Tunazungumzia magari yaliyotumika, ya usukani wa kulia, hasa yanayotoka Japani.

Pima paking kabla hujapenda gari

Chukua futi ya mita 5. Pima upana katika kimo cha mlango, sentimita 70 hivi kutoka sakafuni, nguzo hadi nguzo au ukuta hadi ukuta. Mistari ya rangi hudanganya, kwa sababu nguzo ya zege inaweza kuingia ndani ya mstari na kula sentimita 10 au 20. Angalia pia nguzo imekaa wapi. Ikiwa mwanzoni mwa nafasi, itakusumbua wakati wa kuingia tu. Ikiwa usawa wa mlango wa dereva, itakusumbua kila siku, na dawa yake ni kuingia kinyumenyume ili mlango uangukie pengine.

Sasa fanya hesabu. Nafasi ina mita 2.4, gari lina upana wa mita 1.765 bila saiti mira. Inabaki sentimita 63.5. Ukilibana gari kushoto likabaki na sentimita 10 kutoka ukutani, dereva anapata 53. Mtu wa mwili wa wastani hutoka bila kufuta vumbi la gari kwa nguo zake akiwa na sentimita 50 hivi. Rudia hesabu hiyo kwa Audi Q3 ya kizazi cha kwanza yenye upana wa mita 1.831: dereva anabakiwa na 47, na kila jioni atatoka kiubavuubavu huku ukingo wa mlango ukigonga gari la jirani. Ndiyo maana hatukuingiza SUV ndogo kwenye orodha. Mercedes GLA ya kwanza ina mita 1.804, BMW X1 ya kizazi cha F48 ina 1.821, Lexus UX ina 1.84. Zinaonekana ndogo barabarani, lakini ndani ya paking ya nguzo mbili hazina udogo wowote.

Kwa sababu hiyohiyo, epuka gari la milango mitatu hata kama ni fupi. Milango yake ni mirefu, na mlango mrefu ukifunguka sentimita 50 kwenye ncha unakuachia upenyo mwembamba pale unapokaa.

Mwisho pima njia iliyo mbele ya nafasi yako. Ikiwa na mita 6, gari lolote kati ya haya litaingia kwa mkupuo mmoja. Ikishuka chini ya mita 5.5, kipenyo cha kugeukia kinaanza kuwa na maana kubwa kuliko upana.

1. Lexus CT200h (2011 na kuendelea)

Upana mita 1.765, urefu 4.32 kwa matoleo ya mwanzo na 4.35 baada ya maboresho ya 2014, kipenyo cha kugeukia mita 10.4. Hakuna katika vipimo hivyo kinachoshangaza. Kinachoipa nafasi ya kwanza ni namna inavyotembea kwenye mteremko. Haina klachi ya kuungua: injini ya 1.8 na mota za umeme zinaungana kwa gia za sayari, na kwenye mwendo wa kutambaa gari mara nyingi linakwenda kwa umeme peke yake. Unaweza kusogeza sentimita tano mbele, tano nyuma, mara ishirini, na hakuna kinachochakaa.

Faida ya pili ni mafundi. Injini ni 2ZR-FXE, ileile ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, na mfumo wa haibridi ni wa ukoo huohuo. Spea nyingi za injini na breki zinapatikana bila kuagiza kwa jina la Lexus.

Kasoro zake zinajulikana na zinakaguliwa. Kwanza, kipoozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, hujaa masizi. Kikiziba, joto la silinda hupanda na gasketi ya silinda hedi huungua. Dalili yake huonekana asubuhi tu: injini ikiwaka baridi inatetemeka sekunde chache kama vile silinda moja haifanyi kazi, kisha inatulia. Kwa hiyo mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ufungue boneti uguse injini kuthibitisha kuwa ni ya baridi. Angalia pia kama maji ya rejeta yamepungua. Ukilinunua, fungua EGR isafishwe, na usafishaji huo urudiwe kila kilomita 100,000 hivi.

Pili, betri kubwa iko nyuma na inapoozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Feni yake hujaa vumbi na manyoya ya viti, betri inapata joto, seli zinakufa kabla ya wakati. Tundu la hewa liko kando ya kiti cha nyuma. Usiweke mikoba mbele yake, na feni isafishwe walau mara moja kwa mwaka. Tatu, kioo cha nyuma ni kidogo na nguzo za pembeni ni nene. CT200h isiyo na kamera ya nyuma tusingeichukua kwa paking finyu.

2. Mini Cooper ya milango mitano, F55 (2014 hadi 2017)

Kwa vipimo pekee ingeshika nafasi ya kwanza: upana mita 1.727, urefu chini kidogo ya mita 4, kipenyo cha kugeukia mita 11. Kipenyo si kidogo, lakini ufupi wa pua na mkia unakufidia, kwa sababu kona za bampa hazizunguki mbali.

Chagua ya injini ya silinda tatu ya 1.5, nguvu farasi 136, yenye giaboksi ya otomatiki ya gia sita iliyotengenezwa na Aisin. Hiyo inatumia tokiconveta, yaani gari linatambaa kwa msaada wa mafuta ya giaboksi badala ya klachi kusuguana. Kuanzia 2018 Mini ilihamia kwenye giaboksi ya klachi mbili ya gia saba.

Usiichanganye na Mini ya zamani, R56, iliyouzwa kuanzia 2006. Ni nyembamba zaidi na bei yake inavutia, lakini injini zake zinajulikana kwa tensheni ya cheni inayolegea na kasha la themostati linalovuja. Ukisikia mlio wa kokoto injini ikiwaka asubuhi, ondoka.

Kwenye F55 kagua maunti ya injini, ile yenye mafuta ndani. Ikipasuka huacha madoa na injini hutingisha usukani gari likiwa limesimama kwenye D. Kagua pia uvujaji kwenye kasha la filta ya oili. Buti ni lita 278: mabegi mawili ya kati, basi. Na nyingi zinakuja na matairi ya ranfleti, yanayotembea kiasi hata yakiishiwa upepo, hakuna spea tairi kabisa. Kwa safari za Morogoro au Tanga nunua spea ndogo, jeki na spana mapema.

3. BMW 1 Series, F20 (2011 hadi 2019)

Hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele yako huru kukata zaidi, na ingawa gari lina urefu wa mita 4.32, kipenyo chake ni mita 10.9. Upana ni 1.765, sawa na Lexus. Giaboksi ya ZF ya gia nane ni ya tokiconveta na ni kati ya zinazodumu kuliko zote kwenye orodha hii, ilimradi mafuta na filta vibadilishwe. Usikubali hadithi kwamba mafuta yake ni ya maisha yote. Kilomita 80,000 hadi 100,000 inatosha.

Kabla ya maboresho ya 2015, 116i na 118i zilitumia injini ya N13 ya 1.6. Tafuta 118i ya kuanzia mwishoni mwa 2015 yenye injini ya silinda tatu, B38. Ukipata N13 nzuri, itazame chini: gasketi ya kava la valvu na kasha la filta ya oili huvuja, na oili ikidondokea sehemu ya moto utasikia harufu ndani ya gari ukisimama kwenye foleni. Betri iko ndani ya buti, na ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyejua hilo atakuharibia betri mpya ndani ya muda mfupi.

Abiria wa nyuma wanabanwa na handaki la shafti, hasa wa katikati.

4. Mercedes-Benz A-Class, W176 (2012 hadi 2018)

Ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa muonekano, na kwa paking finyu ndiyo inayoumia zaidi. Upana ni 1.78, kipenyo mita 11, pua ndefu na ya chini. Kwenye mteremko wa paking inagusa kwa mbele wakati wa kushuka, na zenye bampa za AMG, za mtindo wa michezo, hugusa kabla ya nyingine. Ingia kwa mshazari ukiweza, gurudumu moja litangulie. Kioo cha nyuma ni finyu sana.

A180 ina giaboksi ya klachi mbili zinazooga mafuta. Inavumilia joto kuliko za klachi kavu, lakini badilisha mafuta na filta kila kilomita 60,000 hivi.

5. Audi A1 Sportback (2012 hadi 2018)

Inauma kuiweka hapa. Urefu mita 3.954, upana 1.746, kipenyo mita 10.6, ndani yake nadhifu kuliko ya Mini. Kinachoiangusha ni giaboksi ya S tronic ya gia saba yenye klachi kavu, inayojulikana kwa namba DQ200. Klachi hizo hazina mafuta ya kuzipoza. Ukitambaa mlimani unazisugua, zinapata joto, gari linaanza kutetemeka kati ya gia ya kwanza na ya pili. Sehemu ya pili dhaifu ni mekatroniki, kompyuta na pampu ya giaboksi ndani ya kasha moja: kasha likipasuka shinikizo linapotea, alama ya gia inamweka kwenye dashibodi, na gari linaweza kupoteza rivasi katikati ya paking. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani kubadilisha mafuta ya giaboksi za jamii hii. Audi A3 ya 1.4 ina giaboksi hiyohiyo, basi onyo linaihusu pia.

Kama paking yako ni tambarare, ipandishe A1 hadi nafasi ya pili. Chukua ya baada ya maboresho ya 2015, ambayo injini zake zina mkanda badala ya cheni ya zamani iliyokuwa ikirefuka.

Nje ya mpangilio: BMW i3

Hili ni gari la umeme, na kipenyo chake cha mita 9.86 hakifikiwi na gari lolote hapo juu. Lakini milango ya nyuma inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Kwenye nafasi ya mita 2.4 abiria wa nyuma ananaswa kati ya milango miwili na ukuta. Matairi ni ya 155/70 R19, saizi ambayo hutaiona dukani Ilala. Inamfaa anayetembea peke yake na mwenye soketi yake kwenye paking, iliyovutwa waya kwa idhini ya jengo.

Jaribio na makaratasi

Gari likiwa mjini, lipeleke kwenye mteremko wako halisi likiwa limeshapata moto, baada ya nusu saa ya foleni. Panda hadi katikati, simama, achia breki taratibu, songa mita moja, simama tena. Rudia mara sita au saba, kisha fanya vilevile kwa rivasi. Mtetemo, harufu ya kuungua au gari kuchelewa kushika ni sababu ya kutonunua, hata muuzaji akisema ni suala la kuseti kompyuta. Halafu kata usukani wote kulia na kushoto na usikilize mlio wa joint.

Unapoagiza Japani, dai karatasi ya mnada na usome mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni paneli iliyonyooshwa na kupakwa rangi, X ni ya kubadilishwa, XX imeshabadilishwa. Daraja la R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Hakikisha saiti mira zinajikunja kwa umeme, kwa sababu kila moja inakurudishia upenyo wa jirani kupita na inapunguza tamaa ya wezi.

Kodi ikokotoe kwenye mfumo wa TRA wa kuthaminisha magari yaliyotumika kabla ya kutuma pesa, ukiingiza mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa kuanzia miaka 8 kuna ushuru wa ziada wa umri, na huongezeka tena ukipita 10. Kwa anayenunua Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo W176 na A1 ya zamani zitafute kwenye yadi au kwa wenye nazo ndani ya nchi, na ulipe fundi akupimie kwa kompyuta kabla ya kulipa amana.