Boksi la Magic Foundations la wanaoanza: kwa sisi wa Kampala linafaa kabisa

Wadau mnaouliza kila mara hizi kadi za Magic: The Gathering, ule mchezo wa kupambanisha viumbe na uchawi, mtu aanzie wapi, jibu langu ni moja, anzeni na boksi la Foundations la wanaoanza, lile limeandikwa Beginner Box, na zile pakiti za kubahatisha muachane nazo kwanza. Pakiti moja ina kadi 14, unafungua unakuta hii nyekundu ile ya bluu nyingine ya kijani, hazipatani, huwezi kukaa na mtu mkacheza, pesa imeenda na mchezo hamna.

Boksi lenyewe lina pakiti ndogo 10, kila moja ina kadi 20 za kundi lake, kuna paka, vampaya, maharamia, goblini na wengine. Unachukua mbili unazozipenda unazichanga pamoja, ushapata deki, yaani rundo lako la kuchezea, ya kadi 40, mwenzako naye achague zake mbili, mnaanza na uhai 20 kila mtu na kadi saba mkononi. Za paka na vampaya ndo za somo, hizo usizichange kabisa mara ya kwanza, zimepangwa kwa mfuatano na kijitabu kinakuelekeza zamu kwa zamu uweke nini na kwa nini. Mi nilikaa na mpwa wangu, yuko senior two, matatu ya karata anaicheza vizuri sana, anajua kukulisha mbili mpaka unakoma, lakini hapa ilibidi azoee kwamba kila mtu ana deki yake mwenyewe, hakuna kuchota rundo moja. Kabla somo halijaisha alikuwa anacheza bila kuniuliza kitu.

Utamu uko hapa. Chukua kadi moja tu, Llanowar Elves, ipo toka seti ya kwanza kabisa ya 1993, ile Richard Garfield aliyoibuni, na kwenye Foundations wameirudisha tena. Zamu ya kwanza unaweka Msitu, ambayo ni kadi ya ardhi, unaulaza ubavu, unatoa mana moja ya kijani, mana ndo nguvu ya kulipia kadi nyingine, unamwita huyo elfi, nguvu 1 uhai 1, yaani ukimtazama unamdharau, na zamu hiyo hafanyi chochote maana ndo kwanza amefika. Sasa zamu ya pili unaweka ardhi nyingine, zinakuwa mbili, na yeye unamlaza anatoa mana yake, una mana tatu wakati mwenzako ana mbili, kwahiyo jitu ambalo yeye atalishusha zamu ijayo we unalo mezani saa hii hii. Mpwa wangu akasema "anko, kumbe huyu mdogo ndo hatari", na toka hapo kila elfi akitua tu anatafuta namna ya kumuua. Hiyo ndo Magic, unaanza kuogopa kadi kwa kazi yake sio kwa ukubwa wa namba zake.

Na picha jamani, kadi ina milimita 63 kwa 88 tu lakini mchoraji ameweka mji mzima mle ndani. Kuna dunia yao moja inaitwa Ravnica ambayo yote ni mji, hamna pori, mi hizo naweza kuzitazama hata sichezi.

Lisilonipendeza ni ardhi. Unaweza kukaa zamu tatu mkononi umeshika majitu ya maana na ardhi haiji, unapigwa tu unatazama, na mtoto anakata tamaa mapema. Mchezo wote umejengwa hivyo, ukikwama changeni upya muanze tena, msilazimishe. Pia Kiswahili hamna, na maandishi ni mengi, kwahiyo mtoto wa primary mdogo akae na mkubwa wa kumsomea.

Bei ya Marekani inazunguka dola 30, kwetu ni kama laki moja na kumi kabla ya usafiri na ushuru. Langu nililetewa na dada akitokea nje kupitia Entebbe, na ukiwa na mtu wa hivyo mtumie. Faida nyingine, Foundations ilitoka Novemba 2024 na wamesema seti hiyo itakubalika kwenye mashindano ya Standard, yale ya seti za karibuni tu, mpaka angalau 2029, kwa sisi tunaonunua mara moja kwa mwaka hilo ni jambo kubwa.

Feki zipo mjini tena nyingi, niliuziwa kadi moja moja sehemu nikazijua nilipofika nyumbani. Weka tochi ya simu nyuma ya kadi, ya kweli inapitisha mwanga kiasi, feki nyingi hazipitishi au zinapitisha kupita kiasi. Ukitaka uhakika nenda kwa fundi saa aazimishe ile lenzi yake ya jichoni, geuza kadi nyuma, tazama kile kiduara cha kijani, ya kweli ina nukta nne nyekundu zimekaa kama herufi L. Na zile zinazometa zivalishwe mifuko yake ya plastiki siku ile ile, unyevu wa mvua zetu unazikunja mpaka hazilali mezani.

Nawapa nne kwa tano. Sasa hivi naunganisha deki ya Commander, aina nyingine ya kucheza Magic, hiyo ni kadi 100 na uhai 40 na inanoga mkiwa wanne, kwahiyo walioko Ntinda, Bukoto, Kisaasi wenye deki zao au wanaotaka kujifunza tu, Jumamosi mchana nipo, mje na maji yenu ya kunywa ila yakae mbali na kadi.