Uzoefu wangu: clangd kwenye mradi mkubwa wa C++ nilioukuta

Mradi niliokabidhiwa kazini una maelfu ya faili, na wengi walioujenga wameshaondoka. Wiki mbili za mwanzo niliusoma kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Ukitafuta fanksheni iitwayo init unaletewa mistari mia na kitu, usijue ni ipi hasa inayoitwa pale uliposimama. Ndipo nikasakinisha clangd, programu inayouelewa msimbo wa C++ na kukisaidia kihariri kuonyesha makosa na kukupeleka fanksheni ilipoandikwa, ndani ya kihariri changu, VS Code.

Siku ya kwanza ilinivunja moyo. Kila faili niliyofungua ilijaa mistari myekundu, #include zote hazitambuliki, ilhali mradi wenyewe unajengeka salama. Nilikaribia kuiondoa. Kumbe sikuwa nimeipa ilichohitaji: clangd lazima ijue kila faili hupitishwa kwenye kompaila kwa amri gani, folda zipi za heda, -D zipi (makro zinazowekwa kwenye amri). Hayo huyasoma kwenye compile_commands.json, na mimi sikuwa nayo.

Anayejenga mradi kwa zana ya CMake pamoja na Make au Ninja anawasha tu chaguo la CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS, na faili hiyo inaundwa. Mradi wangu ni wa Makefile za zamani (faili za maelekezo za Make) bila CMake, hivyo nikachukua zana iitwayo Bear, ambayo hunakili amri za kompaila wakati mradi unajengwa. Hapa nikapoteza nusu siku. Niliandika bear -- make, nikapata faili yenye mabano mawili matupu: [ na ]. Kila kitu kilikuwa kimeshajengwa, make haikuwa na la kufanya, na Bear hurekodi kile tu kinachotendeka mbele yake. Nikaanza na make clean, inayofuta vilivyokwisha kujengwa, kisha bear -- make, na wekundu ukafutika karibu wote. Uliobaki ulikuwa wa faili nilizoongeza baadaye.

Jiandae kwa saa za kwanza. clangd hutengeneza faharasa ya mradi mzima chinichini, na laptopu yangu ya GB 16 iliunguruma hadi nikashindwa kufanya kazi nyingine. Niliipa chaguo la -j=2, linalopunguza kazi inazofanya kwa wakati mmoja, ikatulia. Faharasa hutunzwa kwenye .cache/clangd, kwa hiyo kesho yake hairudii yote. Iongeze folda hiyo kwenye .gitignore ili Git isiifuatilie.

Sasa nikibofya init napelekwa kwenye ile yenyewe. Nikitaka kuondoa kigezo kimoja cha fanksheni, naona kwanza wote wanaoiita, hata walio kwenye folda ambazo sijawahi kuzifungua. Kwa mtu aliyeachiwa msimbo bila maelezo, hilo peke yake linatosha kunifanya niipendekeze kwa moyo wote.

Iko kasoro moja ya kuangalia. Faharasa hufuata usanidi mmoja wa ujenzi. Mimi najenga kwenye Linux, kwa hiyo vipande vilivyo ndani ya #ifdef _WIN32, yaani vya Windows pekee, huonekana vimefifia, na ukibadilisha jina la fanksheni, humo jina la zamani linabaki. Kwa vipande hivyo bado narudi kwenye grep.