Tathmini: sehemu tatu nilizomuuguza mamangu Mombasa, na chakula alichopewa

Mamangu alivunjika nyonga. Tukamuuguza kwanza wodi ya hospitali ya umma, kisha hospitali ndogo ya kibinafsi, mwisho nyumbani kwetu Majengo kwa muuguzi wa kukodi. Upasuaji ulikwenda vizuri na kuhusu mfupa sina neno. Naandika kuhusu chakula, kwa sababu mfupa ulipokuwa unaunga, mwenyewe alikuwa anakwisha.

Kwenye wodi ya umma upishi haukuwa tatizo: ugali, sukuma, maharagwe, siku nyingine ndizi. Kilichomuumiza ni kuzuiwa kula kabla ya upasuaji. Anaambiwa asitie kitu kinywani tangu usiku, asubuhi asubiri zamu ya thieta, alasiri inakuja habari kwamba orodha imejaa, hadi kesho. Jikoni washafunga. Kesho yake vilevile. Mama wa miaka sabini na ushei anashindia dripu ya maji ya chumvi, ambayo haina protini wala mafuta. Masista ni wachache mno kwa vitanda vile na siwalaumu wao. Ila kadi yake ya kliniki ya presha ilikuwa mkobani, imeandikwa kilo 58, na hakuna aliyeiuliza. Mjukuu wake akipelekwa kliniki lazima apimwe uzito na mkono. Bibi yake akilazwa, hapana. Watu wengi wakisikia utapiamlo wanafikiria mtoto mwenye tumbo kubwa tu.

Hospitali ya kibinafsi ilinikasirisha zaidi, kwa sababu pale tulilipa. Menyu ni ya kuchagua, kuku yupo, Ijumaa biriani. Sinia linawekwa meza ya miguuni, na mgonjwa amelala chali hafikii. Baadaye anakuja mtu wa usafi, analiondoa lilivyo, anasema, "Mama hana hamu leo." Haliandikwi popote. Daktari akipita anasoma faili: joto, presha, dawa. Alichokula hakimo. Nikifika na hotipoti yangu ya mchuzi wa samaki, nikamwinua na kumlisha taratibu, hamu ilikuwapo.

Jambo hili halikuanza Mombasa. Mwaka 1994 watafiti wa Dundee, Uskoti, walichapisha matokeo ya kupima wagonjwa 500 waliolazwa, wakakuta 200 wana utapiamlo. Ikiwa nchi yenye mali vile iliyakuta hayo, sisi tuna sababu gani ya kutopima?

Sasa huduma ya nyumbani, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Ni wauguzi wachache wenye ofisi ndogo Tudor. Sista aliyekuja alimwamkia mama shikamoo, akakaa kitandani, akauliza, "Bi mkubwa, tangu alfajiri umekula nini?" Akasubiri jibu lote. Kisha akatoa tepu akampima mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko: sentimita 22. Akatueleza kwamba kwa mtu mzima, chini ya 23.5 ni dalili kwamba huenda uzito ni mdogo mno kwa urefu wake. Mama alipoweza kusimama kwa kushikwa, mizani ikasema 51. Kilo saba zimekwenda. Kwenye kipimo wanachotumia, kilichotungwa Uingereza, mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito bila kukusudia ndani ya miezi mitatu hadi sita anahesabiwa yuko katika hatari kubwa. Mama alishapita 12.

Halafu akapiga hesabu ya jikoni. Mzee mgonjwa anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mama alihitaji 61 hadi 76 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Chai na mkate havifiki popote. Akapanga vyakula vya nyumba yetu hii hii: uji wa wimbi wenye maziwa na karanga za kusaga, mbaazi za nazi, samaki aliyechambuliwa miiba, yai jioni. Kidogo kidogo mara sita, kwani sahani iliyojaa humshinda mgonjwa kabla hajaanza. Daftari likaning'inizwa karibu na kitanda, na yeyote anayeondoa sahani anaandika kilichobaki. Kidonda cha upasuaji, kilichokuwa kinasuasua, kikaanza kufunga, na mama akaanza kudai mahamri mwenyewe.

Wodi ya umma naipa nyota mbili, kwa ajili ya masista. Ya kibinafsi moja. Hawa wa Tudor nne. Ya tano wameikosa kwa sababu bima ya mama haikukubali kuwalipa, na wikendi simu yao haipokelewi. Ukiwapigia, uliza mapema kama sista atakuja na mizani, maana wanazo chache na wanaazimana. Kadi ya kliniki yenye uzito wa zamani iwe tayari mezani.