Uzoefu wangu: siku nne bondeni, kiwanja namba 7 na kiwanja namba 22

Picha ndiyo iliyotupeleka kule. Hema la kijani limesimama juu ya nyasi fupi, mto umelala nyuma yake kama kioo, na jua linachungulia begani mwa mlima. Mdogo wangu alinisogezea simu akasema, "Dada, tumefika." Hata begi hatujafunga.

Kambi yenyewe sitaitaja jina, maana ninayoyaeleza hapa unaweza kuyakuta kwenye kambi yoyote iliyo ndani ya bonde la mto. Ilikuwa na viwanja vya aina mbili: vya mtoni, vilivyokuwa na nyongeza ya bei, na vya juu, kwenye tambarare ndogo iliyoinuka kutoka mtoni kiasi cha jengo la ghorofa nne. Tulilipia cha mtoni, namba 7, tulale siku tatu na kuondoka ya nne. Vya juu hatukuviuliza. Wiki nzima tulilinganisha kambi na kambi, tukasoma maoni ya watu mpaka macho yakauma, halafu kiwanja chenyewe tukakichagua kwa sekunde mbili. Leo ningefanya kinyume.

Tulifika saa nane mchana na kwa kweli picha haikudanganya. Maji yalikuwa maangavu, kokoto za chini unaweza kuzihesabu. Kero ya kwanza ilikuwa vigingi. Juu ni nyasi, lakini ukichoma kidogo tu unakutana na mchanga uliochanganyika na mawe ya mviringo, mawe ambayo mto wenyewe uliyaleta na kuyaacha. Kigingi cha kwanza kilipinda. Cha pili kiliingia vizuri mno, nikakivuta kwa vidole viwili kikatoka kama kijiti kwenye uji. Mwisho tulifanya alivyotuelekeza jirani: unafunga kamba katikati ya kijiti kinene, unachimba mfereji mfupi, unakizika kikiwa kimelala, unakanyagia mchanga na jiwe juu. Kinashika kuliko kigingi chochote cha dukani. Ila kufanya hivyo mara nane, na jua likiwa utosini, si mapumziko.

Nilisema jua likiwa utosini, lakini halikukaa sana. Saa kumi na nusu lilizama nyuma ya ukuta wa bonde na sisi tukabaki kivulini, huku mlima wa ng'ambo ukiendelea kuwaka kwa zaidi ya saa nzima. Tulikaa tumevaa masweta tukiangalia jua la wenzetu. Bonde lenye kuta ndefu lina siku fupi, na asubuhi ni hivyo hivyo: kule chini mwanga ulitufikia karibu saa tatu. Ukiwa na nguo za kuanika, au betri inayochajiwa kwa jua, hiyo si habari ndogo. Kabla ya kulipa, tazama ramani uone bonde limelala kuelekea wapi na ukuta ulio karibu nawe uko upande gani. Kiwanja kinachotazama mashariki bila kizuizi hupata jua mapema, umande unakauka, na unakunja hema likiwa kavu.

Kisha moshi ukatufundisha jambo. Mchana moto wa jirani ulikuwa ukipeleka moshi juu, kuelekea chanzo cha mto. Kigiza kilipoingia moshi ulisimama wima kidogo, kama mtu anayefikiria, halafu ukageuka na kuanza kushuka na mto, ukiwa chini chini, ukipita katikati ya mahema. Ndivyo mabonde yanavyopumua. Mchana miteremko inapata joto na hewa inapanda, usiku miteremko inapoa, hewa iliyo karibu nayo inakuwa nzito na kuteremka kama maji, inakwenda kukusanyika mahali pa chini kabisa. Mahali hapo pa chini kabisa ndipo tulipokuwa tumelipia nyongeza. Na mlango wa hema tulikuwa tumeuelekeza juu ya mto, ili tuamke tukiuona. Baridi yote ya usiku ilikuwa ikiingia kwa zipu.

Mdogo wangu ana kipimajoto kidogo anachokining'iniza kwenye begi. Saa kumi alfajiri kilisoma nyuzi 6. Usiku uliofuata, saa ile ile, tukiwa tumehamia kule juu, kilisoma 9. Najua, ni siku mbili tofauti, si kipimo cha maabara. Lakini mwili wangu haukuhitaji maabara.

Kwa sababu ya baridi tuliziba matundu yote ya hema. Kosa. Nilishtuka na tone la maji kwenye paji la uso, kisha lingine, nikamwamsha mwenzangu kwamba hema linavuja. Tulitoka nje na tochi: nyota zimejaa, mvua hakuna. Ilikuwa pumzi yetu wenyewe. Mtu akilala anatoa mvuke usiku kucha, na kando ya mto hewa ya nje nayo imekwishashiba unyevu, basi mvuke unageuka matone kwenye kitambaa na kukurudia. Dawa yake ni kuacha matundu wazi hata kama meno yanagongana, na kuhakikisha kitambaa cha juu hakigusani na cha ndani. Begi langu la kulalia lililowa miguuni, mahali lilipogusa ukuta.

Kuhusu sauti ya mto: ni tamu kwa saa moja ya kwanza. Baada ya hapo unagundua kwamba huwezi kusikia kitu kingine. Mdogo wangu aliniita mara tatu akiwa hatua ishirini tu, sikumsikia. Wapo wanaolala vizuri kwa ngurumo hiyo na siwabishii. Mimi nililala nikitega sikio.

Wadudu nitawagusa kidogo. Mbu wanataka maji yaliyosimama, na walikuwa na vidimbwi ambavyo mto uliviacha ulipopungua. Usubi huzaliana kwenye maji yanayokimbia, huuma mchana, na unapenda vifundo vya miguu. Kiwanja namba 7 kilikuwa na vyote viwili. Mahali ambako usubi hueneza upofu wa mtoni, kama ilivyo katika nchi kadhaa za Afrika, hilo si suala la kujikuna tu. Uliza kabla, na uvae suruali ndefu.

Sasa jambo lenyewe. Jioni ya pili hapakuwa na mvua kwetu hata tone. Ila kule bonde linakoanzia kulikuwa na wingu jeusi limekaa, likipiga radi ambazo hatukuzisikia, tuliona mwanga tu. Tulikuwa tunapiga picha. Mzee mmoja, mlinzi wa kambi, akaja na tochi yake, akatusalimu, akauliza tumelipia kiwanja hiki kwa siku ngapi. Halafu hakusema kitu, akainua tochi kwenye mti uliokuwa karibu na hema letu. Kwenye panda la matawi, juu kuliko kichwa changu, kulikuwa na fungu la nyasi kavu limejisokota, na kipande cha kamba ya plastiki kinaning'inia.

"Mnajua nani aliyeviweka pale?"

Mdogo wangu akasema, "Ndege, mzee?"

"Maji."

Nilitazama ile nyasi, nikatazama paa la hema letu, ambalo lilinifika kifuani. Mzee akaongeza, kwa upole kabisa, "Mto huu haupigi hodi, wanangu." Tulihama gizani, tukapanda namba 22. Ilituchukua dakika arobaini, na vile vijiti tulivyozika kwa jasho tuliviacha huko huko mchangani.

Sitaki kuchonga hadithi: maji hayakufika namba 7 usiku ule. Yalipanda, yakageuka rangi ya udongo, yakaleta vijiti na mapovu, yakalifunika jiwe ambalo mdogo wangu alikuwa ameanikia soksi, yakasimama hatua nne chini ya pale tulipokuwa tumelala. Asubuhi watu wa namba 5 na 6 walikuwa wanakunywa kahawa yao kama kawaida. Pengine tungelala tukaamka salama. Lakini niliporudi nyumbani nilisoma kuhusu Biescas, kwenye milima ya Pyrenees nchini Uhispania. Tarehe 7 Agosti 1996 dhoruba kali ilinyesha juu ya kijito kidogo, na kambi ilikuwa imejengwa pale kijito hicho kinapotoka korongoni na kumwaga mawe na mchanga wake. Walikufa watu 87. Miaka ishirini kabla yake, tarehe 31 Julai 1976, mto Big Thompson huko Colorado, Marekani, ulifurika usiku kwenye korongo lililojaa watalii, wakafa watu zaidi ya 140. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu zaidi, na wengi waliokuwa chini hawakuwa na sababu ya kuogopa mpaka maji yalipofika. Sehemu ya tambarare yenye nyasi nzuri, kwenye mdomo wa korongo, mara nyingi ni nzuri na tambarare kwa sababu maji ndiyo yaliyoisawazisha.

Kwa hiyo lalamiko langu kwa kambi si kwamba mto ulipanda, mito hupanda. Lalamiko ni kwamba mapokezi hawakusema neno, wala hakukuwa na kibao, wala hawakutuonyesha njia ya kupandia juu usiku. Ilibidi mzee wa zamu aseme kwa hiari yake. Na barabara ya kutokea ni moja tu, inakatiza kijito juu ya sakafu ya zege isiyo na kingo. Asubuhi ile maji yalikuwa yakipita juu yake. Madereva wawili walisimama wakibishana kama yanapitika. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zinatosha kusukuma gari dogo, kwa hiyo mimi nilikaa juu ya jiwe nikasubiri mpaka saa sita. Swali ninalouliza siku hizi kabla ya vyoo na umeme ni hili: je, kuna njia ya kutoka isiyovuka maji?

Namba 22, kule juu, haikuwa pepo. Vyoo viko mbali na njia ina mizizi, usiku unajikwaa. Kufuata maji mtoni ni dakika kumi kushuka na karibu kumi na tano kupanda ukiwa na ndoo. Tawi moja lililokufa lilikuwa juu ya mahali tulipotaka kuweka hema, tukasogea, kwa maana tawi kavu huanguka hata siku isiyo na upepo. Na jenereta ya jirani, ambayo kule chini mto ulikuwa ukiifunika, huku juu tuliisikia neno kwa neno mpaka saa nne usiku. Lakini vigingi viliingia na kukaa. Jua lilitupata saa moja na nusu. Hema lilikauka. Na mandhari, hili ndilo lililonichekesha: kutoka namba 7 unaona maji na ukingo wa pili, basi. Kutoka namba 22 unaona mto wote unavyojikunja, mikunjo mitatu, na ukungu wa asubuhi ukiwa umejaa bondeni chini yako kama pamba, mahema ya wenye nyongeza yakiwa yamezama humo ndani.

Maji ya bomba yalikuwa na tangazo la kuyachemsha kwanza, nalo ni jambo jema. Yakichemka kwa nguvu dakika 1 inatosha, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kilichoniudhi ni wageni kuosha sufuria kwa sabuni mtoni, watoto wa watu wakiogelea hatua chache chini yao. Chota maji, sogea mita 60 hivi kutoka ukingoni, osha huko, mwaga kwenye udongo. Kambi haikumkemea mtu.

Nikipewa alama za kugawa kati ya 5: kambi 3, kiwanja namba 7 nakipa 1 kwa ajili ya mchana wake, namba 22 nakipa 4. Mlinzi yule angepata zote. Nyongeza ya mtoni haikurudishwa, nami sikuidai, nilikuwa nimechoka.

Siku ya nne tukifunga mizigo, familia moja ilishuka na kuanza kutandaza hema kwenye namba 7. Nilishuka, nikawaamkia, nikawaonyesha ile nyasi mtini na kuwaeleza ilifikaje. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akamwangalia mumewe. Baba akacheka, akasema anga ni jeupe. Nilikuwa nimepanda nusu ya njia niliposikia nyundo, kisha ule mlio ninaoujua, chuma juu ya jiwe.